Jumatano Usiku Barabara ya Degnan: Historia ya The World Stage

Jumatano usiku, katika chumba cha duka kwenye barabara ya Degnan mjini Los Angeles, mambo huenda kwa zamu tatu. Saa moja na nusu inaanza warsha: mwandishi anagawa nakala za shairi lake, analisoma kwa sauti, na wenzake wanalichambua mstari kwa mstari mbele ya macho yake. Saa tatu inapofika anapanda mshairi mwalikwa, mtu aliyekwisha kuiva, na waliokuwa wakirekebishwa muda mfupi uliopita wanaona kazi iliyokamilika inavyosimama. Saa nne ikikaribia ndipo maiki inapokuwa huria. Aliyeandika jina lake kwenye orodha anaitwa, awe profesa wa chuo kikuu au kijana aliyemalizia beti zake ndani ya basi.

Huo ndio utaratibu uliojengwa na Warsha ya Waandishi ya Anansi, iliyozaliwa mwaka 1990 ndani ya The World Stage. Kumbi za maiki huria ziko tele Marekani, na nyingi huanzia pale hii inapoishia: jukwaa, taa, makofi, watu wakaenda zao. The World Stage ilitanguliza darasa. Uamuzi huo ndio ninaouadhimisha hapa, pamoja na watu walioufanya, maana haukuzuka tu. Ulikuwa na ukoo wake, na katika ukoo huo wamo walimu, umo moto, na imo kodi ya pango.

Kabla ya Degnan kulikuwa na Central Avenue. Tangu miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa ile ya 1950, maisha ya Weusi wa Los Angeles yalibanana kwenye barabara hiyo na mitaa ya jirani, kwa kuwa hati za mauziano ya nyumba ziliwafungia milango katika sehemu kubwa ya mji. Hoteli ya Dunbar, iliyofunguliwa mwaka 1928, iliwapokea wanamuziki wakubwa ambao hoteli za katikati ya mji hazikuwataka. Watu hupenda kusimulia habari za kumbi za usiku za barabara hiyo. Mimi huvutwa zaidi na sekondari ya Jefferson iliyokuwa karibu nayo, ambako alifundisha Samuel Browne, Mweusi wa kwanza kuajiriwa kuwa mwalimu wa muziki katika sekondari za serikali za mji huo. Mikononi mwake alipita Dexter Gordon, mpiga saksofoni aliyekuja kutikisa New York na Ulaya. Alipita pia Horace Tapscott, ambaye tutamrudia.

Don Cherry alisoma shule nyingine, Fremont, lakini bendi aliyoitaka ilikuwa ya Browne. Basi akawa anatoroka vipindi vya shule yake ili akapige tarumbeta Jefferson. Wakuu walipomshika, walimhamishia Jacob Riis, shule ya vijana watukutu. Huko alimkuta kijana mwingine, mpiga dramu, jina lake Billy Higgins. Wawili hao waliondoka hapo marafiki, na mwaka 1959 wote wawili walikuwa studio pamoja na Ornette Coleman wakirekodi The Shape of Jazz to Come, albamu iliyoigawa dunia ya jazi katika kambi mbili. Kosa la Cherry lilikuwa kutoroka shule kwenda shule. Kila nikiisoma habari hiyo namwonea fahari, nao waliomwadhibu nasikitika kwamba hawakutambua walichokuwa wanakiona.

Higgins aliishi miaka mingi New York, na hakuna mtu aliyefuatilia jazi ya karne iliyopita ambaye hajamsikia, hata kama jina halijui. Dramu za The Sidewinder ya Lee Morgan ni zake. Alirekodi na Sonny Rollins, Herbie Hancock, Dexter Gordon na wengine, albamu mamia kwa mamia, hata akahesabiwa miongoni mwa wapiga dramu waliorekodiwa kuliko wote. Alipiga akitabasamu. Alikuwa Mwislamu, mtu mpole, na waliopanda naye jukwaani walisema alikuwa anasikiliza kuliko anavyopiga. Mtu wa namna hiyo, aliporudi kuishi Los Angeles alikozaliwa mwaka 1936, angeweza kustarehe na sifa zake.

Upande wa pili wa ukoo unaanzia Watts. Tarehe 11 Agosti 1965 polisi walimkamata dereva kijana Mweusi, na hasira ya miaka ikalipuka. Kwa siku sita mtaa uliwaka, watu 34 wakafa. Mwandishi wa filamu Budd Schulberg, Myahudi aliyewahi kupata Oscar kwa On the Waterfront, alikwenda Watts moshi ukiwa haujatulia vizuri, akabandika tangazo kwenye kituo cha kijamii cha Westminster: darasa la uandishi, aje anayetaka. Kwa wiki kadhaa hakuja mtu. Kisha akaja mmoja, halafu wengine, na Warsha ya Waandishi wa Watts ikawa taasisi. Mwaka 1967 walitoa mkusanyo wao, From the Ashes. Ndani ya mzunguko huo walipita Quincy Troupe na Wanda Coleman, na hapo pia ndipo walipokutana Watts Prophets, watu watatu waliokuwa wanaghani mashairi juu ya muziki kabla ya mtu yeyote kutamka neno rapu redioni.

Mdogo kuliko wote alikuwa kijana aliyezaliwa mwaka 1950, Kamau Daáood. Alijifunza kuandika kati ya watu wazima waliomsahihisha bila kumdekeza. Kisha akashuhudia nyumba ile ikiangamizwa. Mwaka 1973 ukumbi wa warsha uliteketea kwa moto, na baadaye Darthard Perry, aliyekuwa anafanya kazi hapo huku akiwapelekea FBI taarifa, alikiri hadharani kwamba yeye ndiye aliyeuchoma. Serikali iliogopa meza, karatasi na mashairi kiasi cha kupandikiza mtu kati ya washairi. Sitaki jambo hilo lipite haraka. Ukisoma historia za sanaa za Weusi wa Marekani, mara nyingi unaambiwa vikundi vyao vilikufa kwa ugomvi wa ndani au kwa kukosa fedha. Hiki kilichomwa, na aliyekichoma alikuwa kwenye malipo ya umma.

Daáood hakubaki bila mwalimu. Horace Tapscott, yule mwanafunzi wa Browne, alikuwa amefanya jambo ambalo wenzake walidhani ni kupoteza riziki. Alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya Lionel Hampton, kazi ya kuonewa wivu. Mwaka 1961 aliachana na safari za bendi, akabaki nyumbani Los Angeles, na kuanzisha kundi ambalo baadaye lilijulikana kama Pan Afrikan Peoples Arkestra. Nia yake ilikuwa kuuhifadhi muziki wa watu wake na kuurithisha palepale mitaani. Walipiga kwenye bustani, shuleni, magerezani, na kwa miaka mingi ya 1970 walikuwa na Jumapili ya mwisho ya kila mwezi katika kanisa la Immanuel, kusini mwa mji. Watoto waliingia kwenye mazoezi na kuketi pembeni ya watu wazima hadi nao wakapewa ala. Tapscott alimchukua Daáood awe sauti ya neno ndani ya bendi, mshairi anayepewa zamu yake kama anavyopewa mpiga saksofoni. Humo ndimo Daáood alimojifunza kwamba shairi lina pumzi, na kwamba pumzi hujulikana mbele ya watu.

Sasa tuje Leimert Park, mtaa ambapo barabara ya Degnan inaishia kwenye bustani ndogo yenye chemchemi. Uliasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na Walter Leimert, mwendelezaji wa ardhi, kwa ramani iliyochorwa na ofisi ya ndugu wa Olmsted, na Weusi hawakuruhusiwa kununua. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kutumia mahakama zake kutekeleza mikataba ya ubaguzi wa namna hiyo, na familia Nyeusi zikaanza kuingia. Hata hivyo Tom Bradley, wakati huo polisi na baadaye meya wa kwanza Mweusi wa mji huo, alipotaka nyumba hapo mwaka 1950 ilimbidi mzungu amnunulie kwa niaba yake. Miaka ya 1960 mtaa ulikwisha kuwa wa Weusi. Mwaka 1967 ndugu wawili, Alonzo Davis na Dale Brockman Davis, walifungua Brockman Gallery palepale Degnan, nyumba ya sanaa kwa wachoraji ambao makumbusho ya mji hayakuwatazama. Mpiga picha za filamu Ben Caldwell naye aliweka kituo chake cha kufundishia vijana, Kaos Network, mwaka 1984. Kwanzaa, sikukuu aliyoianzisha Maulana Karenga katika mji huohuo mwaka 1966, huadhimishwa mtaani hapo kwa maandamano na ngoma, na msomaji wa Kiswahili akitembea Leimert mwezi wa Desemba atakuta umoja, kuumba na imani vimeandikwa kwenye mabango kana kwamba yuko Morogoro.

Hapo ndipo Daáood na Higgins walipokutanisha koo zao. Mwaka 1989 walipanga chumba cha duka Degnan wakakiita The World Stage. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, viti vichache, jukwaa dogo, dramu na piano, kutani picha za mabingwa wa jazi. Haikuwa baa. Mwenye kuja alikuja kusikiliza au kujifunza, na mama angeweza kumwacha mtoto wake hapo bila wasiwasi. Higgins, mtu ambaye siku mbili kabla huenda alikuwa akipiga Paris au Tokyo, aliketi na watoto wa mtaa akiwaonyesha jinsi fimbo inavyoshikwa na jinsi ya kupiga polepole bila kupoteza mwendo, ambalo ndilo gumu zaidi. Hakukuwa na mtihani wa kuingia. Wageni wake wakubwa, Max Roach na Elvin Jones miongoni mwao, walipita katika chumba hicho, na mtoto wa darasa la saba angeweza kukaa hatua mbili kutoka kwenye mguu wa Elvin Jones unaokanyaga ngoma kubwa. Hakuna kitabu kinachoweza kumpa mtoto kitu hicho.

Ada ya kuingia ilikuwa dola chache. Nalitaja kwa sababu lina uzito: fedha hiyo haikutosha kulipa pango, na waanzilishi walijua haitatosha. Kwa miaka mingi taasisi hii iliendeshwa kwa mifuko ya watu wenyewe, michango, ruzuku ndogo ndogo na kazi ya kujitolea. Higgins alikuwa akipokea malipo ya mwanamuziki wa kimataifa, na sehemu yake iliishia Degnan.

Mwaka uliofuata Daáood na washairi wenzake, akiwemo Akilah Oliver, walianzisha warsha ya Jumatano na kuipa jina la Anansi, buibui msimulizi wa hadithi za Waakan wa Ghana. Daáood alikuwa na umri wa miaka 40, na nyumba ile iliyochomwa Watts ilikuwa ndani yake. Unaposoma utaratibu wa Anansi unaona kila kipande kimetoka mahali: nakala za shairi na ukosoaji wa wazi zimetoka Watts, zamu ya kila mtu, mzee na kijana kwenye jukwaa moja, imetoka kwa Tapscott. Waliokuja baadaye kuiongoza, mmojawapo Michael Datcher, waliushika utaratibu huo. Datcher mwenyewe alitoka na kumbukumbu za maisha yake, Raising Fences, mwaka 2001, na mwaka 2006 Shonda Buchanan alihariri mkusanyo wa washairi wa mtaa huo, Voices from Leimert Park.

Nimesikia watu wakisema ukosoaji wa hadharani huvunja moyo wa anayeanza. Sikubaliani nao. Kinachomvunja mtu moyo ni makofi ya huruma, maana hayamwambii lolote. Anayeambiwa kwamba mstari wake wa tatu umeegemea neno lisilo na kazi, kisha dakika 90 baadaye akaitwa kupanda jukwaa lilelile alilopanda bingwa, ameheshimiwa mara mbili. Wanafunzi wa Anansi hawakuwa wanafunzi wa fasihi pekee. Walikuwemo madereva, walimu, wafungwa waliomaliza vifungo, wanawake waliolea peke yao. Wengi walipata hapo elimu ambayo shule za upande huo wa mji, zenye madarasa yaliyofurika na vitabu pungufu, hazikuwapa.

Si haki kuzungumzia maiki huria ya mtaa huo bila kuitaja jirani yake. Desemba 1989, mwaka uleule wa The World Stage, mwanamke anayejulikana kama B. Hall alianzisha usiku wa Alhamisi katika duka la vyakula vya afya, The Good Life, kwenye Crenshaw. Hapo walikuja vijana wa kufoka. Kanuni ilikuwa moja iliyowashangaza wote: matusi marufuku. Wakati huo ndio muziki wa magenge wa Los Angeles ulikuwa ukiuza mamilioni, na huku kuna vijana wanalazimishwa kutafuta neno jingine. Walilitafuta. Aliyepanda bila maandalizi aliombwa na ukumbi mzima, kwa kibwagizo, aipitishe maiki kwa mwenzake. Kundi la Freestyle Fellowship lilitoka hapo, na Jurassic 5, na Medusa. Ava DuVernay, aliyekuwa mmoja wa waliofoka hapo kabla hajawa mwongozaji wa filamu, aliisimulia habari yao katika This Is the Life mwaka 2008. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 vijana hao walihamia kwa Ben Caldwell, katika Kaos Network, wakaanzisha Project Blowed. Hivyo mtu aliyetembea Leimert wiki moja tu angeweza kusikia mashairi Jumatano, kufoka na jazi Alhamisi, na ngoma bustanini Jumapili.

Mwaka 1992, mwaka ambao mji uliwaka tena baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiwa, Richard Fulton alifungua mkahawa wa 5th Street Dick's hatua chache kutoka hapo. Fulton aliwahi kulala nje katika mtaa wa watu wasio na makazi katikati ya mji, kwenye barabara ya Tano, na jina la mkahawa alilitoa huko. Wanamuziki walipomaliza The World Stage walivuka kwake na kupiga hadi alfajiri, huku nje wacheza sataranji wakibishana. Miaka hiyo michache Leimert ilikuwa na wingi wa kazi ambao sijui mtaa mwingine wa Los Angeles uliowahi kuufikia.

Kisha misiba ikafuatana. Tapscott alifariki Februari 1999. Fulton akafuata mwaka 2000. Higgins alikuwa amepandikizwa ini mwaka 1996 na kurudi kwenye dramu kama aliyepewa deni la kulipa. Alizidi kufundisha, pale Degnan na katika chuo kikuu cha UCLA, na mwaka 1997 serikali ilimtunuku hadhi ya NEA Jazz Master. Ini hilo nalo lilishindwa. Alifariki tarehe 3 Mei 2001, akiwa na miaka 64, wakati anasubiri jingine. Taasisi nyingi za namna hii hufa na mwanzilishi wake. Hii haikufa, kwa kuwa waliokuwa wanajua kuiendesha walikuwa wengi: aliyewahi kupanga viti, aliyewahi kushika orodha, aliyewahi kusahihishwa na sasa anasahihisha. Mwimbaji Dwight Trible, aliyekulia jukwaani hapo, alikuja kubeba uongozi. Wanawake wa mtaa walikuwa na mzunguko wao wa ngoma. Wapiga jazi waliendelea na usiku wao wa kupiga pamoja, ambapo kijana anayeanza husimama kando ya aliyezeeka na saksofoni.

Adui aliyefuata hakuja na kiberiti. Mei 2013 bodi ya usafiri ya Los Angeles ilikubali kujenga kituo cha treni Leimert Park, jambo ambalo wakazi wenyewe walilipigania. Wenye fedha nao walisikia. Majengo ya Degnan yalibadilisha wamiliki, pango likapanda, na The World Stage, baada ya robo karne, ikaambiwa iondoke. Watu walichanga, walipiga matamasha ya kuomba msaada, wakapata chumba upande wa pili wa barabara hiyohiyo, namba 4321. Dramu, piano, picha na orodha ya majina vilivushwa. Treni ilianza kusimama Leimert tarehe 7 Oktoba 2022, na eneo la mbele ya majengo ya zamani limejaa wachuuzi na ngoma mwisho wa wiki. Hofu ya pango haijaisha. Kila msanii wa Degnan anaijua bei ya chumba cha jirani yake.

Kuhusu wanafunzi. Kamasi Washington alikulia katika muziki wa Leimert tangu ujana, akipiga saksofoni mbele ya watu walewale waliowasikia Tapscott na Higgins, na mwaka 2015 alitoa The Epic, albamu ya diski tatu iliyowafanya vijana wa dunia nzima wanunue jazi. Baba yake, Rickey Washington, ambaye naye ni mwanamuziki, sasa hupuliza filimbi katika bendi ya mwanawe. Na Arkestra ya Tapscott bado ipo. Baada ya Tapscott iliongozwa na mpiga saksofoni Michael Session. Anayeiongoza siku hizi ni mtoto wake, Mekala Session, na anaiongoza akiwa nyuma ya dramu.